Gari lako, kadi ya mwingine: bima itakulipa?

Tuseme umenunua Noah kwa mtu wa Musoma. Mmeandikishana mkataba wa mauziano mbele ya wakili, umelipa, umepewa ufunguo na kadi, umerudi zako Bunda. Mwaka wa pili huu, kadi bado ina jina la aliyekuuzia. Bima unakata kila mwaka. Je, siku ya ajali itakusaidia?

Inategemea ni bima gani. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima ya kumkinga mtu wa tatu. Hii ndiyo bima ndogo, na jambo linaloangaliwa hapo ni matumizi ya gari. Kwa hiyo kadi kuwa na jina la mwingine hakukuzuii kuikata. Ila lishike vizuri hilo neno “kumruhusu”: hata anayemwazima shemeji yake gari lisilo na bima anavunja sheria.

Taabu iko kwenye bima kubwa, inayolipa gari lenyewe likiibwa, likiungua au likipinduka. Hapa lazima uwe na maslahi ya bima, maana yake gari likipotea, hasara iwe yako. Aliyenunua na kulipa anayo maslahi hayo, lakini atatakiwa kuyathibitisha, na kadi ndiyo ushahidi wa kwanza unaotazamwa kuhusu mmiliki. Kama huna mkataba wala risiti ya benki, utaanza kumtafuta muuzaji aje akutilie saini, naye huenda alishahama.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kukata bima kwa jina la muuzaji ili ifanane na kadi. Wakala anaweza kukwambia ndivyo inavyofanyika. Usikubali. Mwenye mkataba wa bima atakuwa yule aliyekwisha kuuza, ambaye gari likiteketea hapati hasara yoyote, na wewe uliyepata hasara humo kwenye mkataba. Usitegemee pia bima aliyokuachia muuzaji. Ile ilikuwa ahadi kati yake na kampuni yake. Kampuni isipokubali kwa maandishi kuihamishia kwako, usiihesabu kuwa ni yako.

Katika fomu ya maombi andika ukweli wote: gari nimelinunua tarehe fulani kwa fulani, kadi haijabadilishwa jina. Ambatisha mkataba, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kampuni. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, unaipa sababu ya kukataa kulipa. Kisha nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, ukabadilishe jina. Najua gharama za uhamisho zinauma, lakini hata aliyekuuzia anakuhitaji ufanye hivyo, kwa kuwa gari likigonga mtu, wakili wa majeruhi ataanza na jina lililo kwenye kadi.

Gari la marehemu lina njia yake. Familia nyingi, Butiama kama kwingineko, humwachia kijana mkubwa aliendeshe na kulikatia bima kwa jina la baba aliyekwisha kuzikwa. Marehemu hawezi kuingia mkataba. Kaeni kikao cha ukoo, pendekezeni msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha yeye ndiye akate bima kwa niaba ya mirathi.

Gari la kuazima halina mzunguko huo: mwenye gari akate bima kwa jina lake, na ahakikishe masharti yanamruhusu dereva mwingine mwenye leseni.

Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kabla hujatoka ofisini kwa wakala, mwambie aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA mbele yako, usome mwenyewe jina la mkatiwa bima na tarehe inayoisha.