Somo la TEHAMA: Skrini ya Pili Ikikataa, Ikague Kabla ya Kuiandika Mbovu

Ni asubuhi ya Jumatatu na foleni ya leseni za biashara imefika mlangoni. Karani amewasha tarakilishi yake, lakini skrini ya pili, ile inayomtazama mwananchi, imebaki nyeusi. Mama mwenye duka la nafaka anataja jina la biashara yake na nambari ya kitambulisho, karani anaandika, leseni inachapishwa. Akifika dukani anagundua kwamba jina lina kosa. Kesho yake itambidi afunge duka na kulipa nauli ya matatu ili arudi kurekebishiwa kosa ambalo angeliona mwenyewe pale kaunta, kama skrini ile ingekuwa ikifanya kazi.

Hali ya namna hii inaweza kutokea katika afisi yoyote inayohudumia umma. Mara nyingi wanaohusika huamua papo hapo kwamba skrini imeharibika, wakaandika kwenye daftari na kuomba nyingine. Hata hivyo, tarakilishi kutoitambua skrini si sawa na skrini kuharibika. Kosa linaweza kuwa kwenye waya, kwenye tundu au kwenye mpangilio uliobadilika bila mtu kujua. Somo hili linaeleza jinsi mfanyakazi anavyoweza kujua kosa liko wapi bila kutumia bisibisi. Maelezo ya vitufe ni ya tarakilishi zinazotumia Windows 10 au Windows 11.

JINSI TARAKILISHI INAVYOITAMBUA SKRINI

Skrini inapounganishwa, hujitambulisha. Hutuma taarifa fupi inayotaja mtengenezaji wake, modeli yake na ukubwa wa picha inazoweza kuonyesha. Taarifa hiyo hupitia kwenye waya uleule unaobeba picha. Ikikosa kufika, tarakilishi inaweza kuchukulia kwamba hakuna skrini yoyote iliyounganishwa, au ikaonyesha picha yenye ukubwa usiofaa.

Waya wa VGA, ambao aina yake ilianza na tarakilishi za IBM mwaka wa 1987, una mpangilio wa pini 15. Ule wa HDMI una pini 19. Pini moja ikipinda au ikiingia uchafu, mawasiliano hayo yanaweza kukatika.

Kwa hivyo kuna mambo matatu ya kukagua: skrini, waya na tarakilishi. Kanuni ya fundi yeyote makini ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kutazama matokeo. Anayebadilisha waya, tundu na mpangilio kwa pamoja huenda akafanikiwa, lakini hatajua kilichokuwa kibovu, na tatizo likirudi ataanza upya.

HATUA YA 1: IPIME SKRINI PEKE YAKE

Chomoa waya wa picha kutoka kwenye skrini na uache ule wa umeme. Zima skrini, kisha uiwashe. Skrini nzima kwa kawaida huonyesha nembo ya mtengenezaji au ujumbe mfupi kwamba haipokei picha, mara nyingi kwa maneno "No Signal". Bonyeza pia kitufe cha menyu kilicho ukingoni. Menyu ikionekana, kioo na umeme wa skrini viko sawa, na kosa litafutwe kwingine.

Ikiwa hata taa ndogo ya ukingoni haiwaki, jaribu soketi nyingine na waya mwingine wa umeme unaoingiana nayo. Kagua pia swichi ya ekstensheni, kwa kuwa inaweza kuzimwa wakati wa kufagia. Taa ikiwaka lakini kioo kikabaki cheusi hata baada ya waya wa picha kurudishwa, mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Picha hafifu ikionekana, mwanga wa ndani wa skrini umekufa na hiyo ni kazi ya fundi.

Jambo moja husahaulika sana. Skrini nyingi zina matundu zaidi ya moja na husikiliza tundu moja kwa wakati mmoja. Kama waya umechomekwa HDMI huku skrini ikisubiri picha kutoka VGA, haitaonyesha kitu. Ingia kwenye menyu ya skrini na uchague tundu linalotumika.

HATUA YA 2: FUATA WAYA MWANZO HADI MWISHO

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kwa kweli. Nyaya hulegea meza inaposogezwa. Chomoa pande zote mbili, tazama kama kuna pini iliyopinda, kisha urudishe kwa uthabiti. Nyaya za VGA zina skrubu mbili za kukazwa kwa vidole. Ikiwezekana, azima waya kutoka kwenye meza ambayo skrini yake inafanya kazi. Waya huo ukileta picha, kinachohitajika ni waya mpya tu, ambao bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na skrini.

Tazama pia nyuma ya tarakilishi ya mezani. Baadhi zina matundu ya picha sehemu mbili: pamoja na matundu ya kibodi, na chini zaidi kwenye kadi ya picha. Kwa tarakilishi nyingi zenye kadi hiyo, waya unapaswa kuchomekwa kwenye kadi. Ukichomekwa kule juu, skrini inaweza kubaki nyeusi ingawa kila kitu ni kizima.

Mahali panapotumika adapta, hakikisha ni ya upande unaofaa. Adapta inayobadilisha HDMI kuwa VGA haiwezi kufanya kazi kinyume chake, hata kama inaonekana kuingia. Vilevile, si kila tundu la USB-C kwenye laptopu hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha faili pekee.

HATUA YA 3: KAGUA MPANGILIO

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Chaguo nne zitatokea. Ya kwanza huonyesha picha kwenye skrini ya tarakilishi pekee, na ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, skrini ya pili itabaki nyeusi. "Duplicate" huonyesha picha ileile kote kuwili. "Extend" huzifanya skrini mbili kuwa kama meza moja ndefu. Ya nne hutumia skrini ya pili pekee.

Kwenye kaunta ya umma, chaguo linalofaa ni "Extend". Karani hubaki na kazi yake upande wake, na kumwonyesha mwananchi dirisha lenye maelezo yake pekee. Akichagua "Duplicate", aliye mbele ya foleni anaweza kuona orodha nzima ya waombaji, pamoja na majina na nambari za vitambulisho vya watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaitaka afisi inayokusanya maelezo ya watu kuyalinda. Dirisha likipotelea kwenye skrini nyingine, bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia au wa kushoto ili kulirudisha.

Kama bado hakuna picha, fungua mipangilio ya Windows, uingie "System", kisha "Display". Teremka hadi "Multiple displays" na ubonyeze "Detect".

HATUA YA 4: ANZA UPYA

Hifadhi kazi kwanza. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Skrini itapepesa na sehemu inayoshughulikia picha itaanza upya bila kuzima tarakilishi.

Ikishindikana, zima tarakilishi na skrini, uzichomoe zote mbili ukutani na usubiri dakika moja au mbili. Rudisha nyaya, washa skrini kwanza, halafu tarakilishi. Hatua hii husaidia hasa baada ya umeme kupotea na kurudi ghafla.

HATUA YA 5: MWACHIE AFISA WA TEHAMA

Hatua nne zikikamilika bila mafanikio, huenda kosa liko kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha. Afisa wa TEHAMA atafungua "Device Manager" na kutazama chini ya "Display adapters". Akikuta jina "Microsoft Basic Display Adapter", draiva halisi haipo au haifanyi kazi. Windows hapo hutumia draiva ya dharura, ambayo kwa kawaida haiendeshi skrini ya pili. Suluhisho ni kuweka draiva kutoka kwa mtengenezaji wa tarakilishi au kupitia Windows Update. Mfanyakazi asipakue draiva kutoka tovuti asiyoijua, kwa kuwa anaweza kuingiza virusi kwenye mtandao wa afisi.

Jaribio la mwisho ni kuiunganisha skrini hiyo na tarakilishi nyingine kwa waya unaojulikana kuwa mzima. Ikifanya kazi huko, skrini haina kosa. Ikikataa huko pia, ndipo inapoweza kuandikwa kuwa na hitilafu.

Kwa vyovyote vile, mfanyakazi asifungue kifuniko cha skrini. Ndani yake kuna sehemu zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

JINSI YA KURIPOTI

Ripoti inayosema "skrini imekufa" haimsaidii fundi. Ripoti nzuri hutaja nambari ya mali iliyobandikwa kwenye kifaa, aina ya waya, maneno yanayoonekana kwenye skrini, hatua zilizojaribiwa na matokeo ya kila moja. Itaje pia kama meza au nyaya zilisogezwa karibuni.

Ripoti hiyo ina uzito wa kifedha. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka wa 2015, kifaa cha umma hakitupwi wala kuuzwa kwa uamuzi wa mtu mmoja. Hupitia kwa kamati ya uondoaji wa mali. Kamati ikiletewa skrini nzima iliyoandikwa mbovu, mali ya mwananchi inaweza kuuzwa kwa bei ya chakavu huku nyingine ikinunuliwa kwa bei ya dukani.

Makarani wa kaunta wanashauriwa kuwasha skrini zote mbili kabla ya mlango kufunguliwa, na kumwomba kila mwananchi asome jina na nambari yake kwenye skrini kabla ya leseni kuchapishwa. Skrini ikikataa na foleni imeanza, karani ampe mwombaji maelezo yake kwenye karatasi ayasome kwanza, kisha aendelee na ukaguzi baada ya kumhudumia.