Usingizi si Uvivu

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba anayelala sana ni mvivu. Wavivu wapo, hatukatai. Lakini tunapolala, mwili hauachi kazi. Leo tujifunze kazi hiyo.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Nyingi hutoka katika tezi, zikaingia kwenye damu na kuenea mwilini. Ni kama wajumbe wanaopita nyumba kwa nyumba. Mmoja anasema, "Laleni." Mwingine anasema, "Amkeni."

WAJUMBE WA USIKU

Melatonini hutoka katika tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Aaron Lerner na wenzake waliitambua huko Marekani mwaka 1958. Giza likiingia, melatonini huongezeka na mwili hujiandaa kulala. Mwanga mkali ukipiga macho, hupungua. Ndiyo maana mtu anayekodolea simu mpaka saa 5 usiku hugeuka huku na huku kitandani, usingizi hauji.

Homoni ya kukua hutoka kwa wingi mtoto akiwa katika usingizi mzito, hasa mwanzoni mwa usiku. Alfajiri inapokaribia, homoni nyingine, kotisoli, huongezeka. Hiyo hutuandaa kuamka na kushika jembe.

TUSIPOLALA VYA KUTOSHA

Homoni ya njaa huongezeka, na ile ya shibe hupungua. Insulini, inayosimamia sukari katika damu, haifanyi kazi sawasawa. Hali hiyo ikiendelea miaka mingi, hatari ya kupata kisukari huongezeka.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Mara nyingi binti ndiye anayelala wa mwisho, maana anaosha vyombo. Tena ndiye anayeamka wa kwanza kwenda kuchota maji. Akisinzia darasani, tunasema hana akili. Jamani, akili anayo. Usingizi ndio hana.

TUFANYE NINI?

1. Mtu mzima alale saa 7 au zaidi. Mtoto wa shule ya msingi alale saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku.

2. Tule mapema, na watoto wote wagawane kazi, wa kiume kwa wa kike.

3. Tuweke simu mbali na tupunguze mwanga kabla ya kulala.

4. Mlinzi wa usiku alale mchana katika chumba chenye giza. Afunike dirisha kwa kitambaa kizito.

5. Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, nenda zahanati. Usijinunulie dawa za usingizi dukani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Giza linasaidiaje usingizi?
2. Nyumbani kwako, nani analala saa chache kuliko wote? Kwa nini?
3. Kazi gani anaweza kupunguziwa kuanzia leo?