Tilapia Wako Hahitaji Mafuta ya Samaki

Mfugaji wa samaki wa Kitengela au Isinya ana gharama mbili zinazomuumiza: maji na chakula. Maji hayana mbadala. Mafuta ya samaki yanayotiwa kwenye chakula yanao, tena uko dukani.

Samaki wengi wa baharini lazima wapewe omega-3 iliyo tayari, aina ya mafuta inayopatikana kwenye mafuta ya samaki. Tilapia na kambare hawako hivyo: miili yao hujitengenezea sehemu kubwa ya mahitaji hayo kutokana na mafuta ya mimea. Tilapia anahitaji zaidi omega-6, aina nyingine ya mafuta, na hiyo imejaa kwenye soya na alizeti.

Ukichanganya chakula mwenyewe, fanya hivi:

1. Hesabu mafuta yaliyomo tayari. Mashudu ya alizeti yana mafuta yake, na omena pia kama bado unamtumia. Kwa tilapia, jumla ya asilimia 5 hadi 8 inatosha. Kambare hustahimili 10 na zaidi.

2. Nunua mafuta safi ya soya, alizeti au mawese. Yaliyokaangiwa chipsi usiyaguse. Nusa kwanza, yakitoa harufu kali, yaache. Mafuta yaliyoharibika hudhuru ini la samaki.

3. Yatie baada ya vidonge vya chakula kukauka. Kwa kilo 10, anza na gramu 200. Nyunyiza kidogo kidogo huku ukigeuza kwa mkono, mpaka kila kidonge king'ae na chini ya beseni pasibaki tone. Acha yanywee.

4. Tupa konzi moja kwenye ndoo ya maji. Utando wa mafuta ukitanda juu, umezidisha. Usipeleke chakula hicho kwenye bwawa ambalo maji yake umeyanunua kwa boza.

5. Tengeneza cha wiki moja au mbili tu. Funika, weka kivulini, mbali na bati linalochomwa na jua.

6. Badilisha taratibu: wiki ya kwanza nusu kwa nusu, kisha mafuta ya mimea peke yake. Pima uzito wa samaki kadhaa kila mwezi.

Kuna kinachopungua: minofu itakuwa na omega-3 kidogo kuliko awali. Ukitaka kuirudisha, wape samaki chakula chenye omena au mafuta ya samaki mwezi mmoja au miwili kabla ya kuvua. Miezi mingine yote, omena wa Ziwa Victoria wabaki kwenye sahani za watu, ambako wanahitajika zaidi.