Waliochanjwa Nao Walilazwa: Je, Chanjo ya Korona Iliwafaa?

Katika vikao vya afya vijijini, swali moja kuhusu korona bado huulizwa: kama chanjo inafanya kazi, mbona kuna waliochanjwa na bado wakalazwa? Swali hilo ni la haki. Aghalabu anayeliuliza amemwona jamaa au jirani akipelekwa hospitalini ilhali cheti cha chanjo anacho.

Jibu lake lipo wodini. Mnamo Novemba 2021, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 21 za Marekani, kati ya Machi na Agosti mwaka huo. Miongoni mwa waliolazwa kwa sababu ya korona, watafiti walifuatilia hali ya wagonjwa 1,197. Kati yao, 142 walikuwa wamekamilisha chanjo ya Pfizer au Moderna, na 1,055 hawakuwa wamechanjwa.

Katika muda wa siku 28, wagonjwa 17 kati ya wale 142 walifariki au wakawekewa mashine ya kupumua. Hiyo ni asilimia 12, takriban mmoja kati ya wanane. Kwa wasiochanjwa walikuwa 261, yaani karibu mmoja kati ya wanne.

Si hayo tu. Waliochanjwa lakini wakalazwa mara nyingi walikuwa wazee, au watu ambao kinga ya mwili imepungua kwa sababu ya maradhi au dawa. Hao ndio korona huwalemea zaidi, na mtu angetarajia wafariki kwa wingi. Watafiti walipozingatia umri na maradhi mengine, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilizidi kuwa kubwa.

Kosa linalowapotosha wengi ni kuhesabu vitanda pekee. Chukua mfano wa kubuni: kata moja ina wazee 1,000, na 900 wamechanjwa. Wanalazwa 9 waliochanjwa na 6 wasiochanjwa. Anayepita wodini ataona waliochanjwa ni wengi na kusema chanjo haina maana. Lakini 9 kati ya 900 ni mmoja katika kila mia, nao 6 kati ya 100 ni sita katika kila mia. Kabla ya kusambaza takwimu za namna hiyo kwenye WhatsApp, ni vyema kuuliza kwanza: ni wangapi, kati ya wangapi?

Hapa Kenya, shehena ya kwanza ya chanjo, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Machi 2021. Moderna na Pfizer, zilizochunguzwa katika utafiti huo, zilifuata baadaye mwaka huohuo.

Jambo moja bado huwachanganya watu, nalo limewagharimu baadhi yao. Chanjo si dawa ya aliyekwisha kuugua. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo anayeiomba akiwa tayari anahema amechelewa. Anachohitaji wakati huo ni hospitali na oksijeni. Wazee, wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, na wajawazito, wamuulize mhudumu katika kituo cha afya kuhusu chanjo wakiwa bado wazima. Na mgonjwa yeyote anayepumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja, awe amechanjwa au la.