Miche Iliyojiotea, na Jinsi ya Kuilea Chunguni



Mvua za kwanza zikiisha kunyesha, mtu apitaye Maisaka, katika mji wa Babati, huona miche mingi ambayo hakuna aliyeipanda. Mkuyu umechipuka katika ufa wa ukuta, maana ndege na popo hula makuyu na kuzidondosha mbegu zake popote. Mgunga umeota zizini, kwa kuwa mbuzi hula maganda yake, na mbegu hutoka pamoja na samadi. Chini ya mkwaju mkubwa imesimama miche mingi kivulini mwa mama yao. Miche ya namna hii huitwa maotea.

Mingi katika hiyo haina maisha marefu. Wa ukutani ukiachwa utaupasua ukuta, ukingʼolewa utakauka. Ya kivulini hukosa jua ikafa. Lakini iko njia ya tatu, nayo ndiyo somo letu: kuutwaa mche mmoja na kuulea chunguni, hata uwe mti mzima wenye shina nene na matawi yake, ingawa kimo chake hakifiki magotini. Wachina waliianza kazi hii zamani sana, na Wajapani waliipokea kwao wakaiita bonsai, maana yake, kilichopandwa katika chombo kisicho na kina.

1. Udogo wake watoka wapi?

Wengine hudhani kwamba iko mbegu ya miti midogo. Sivyo. Mbegu ni ile ile ya mti mkubwa, na mti huo ukirudishwa shambani utarefuka kama wenzake. Udogo watoka katika mambo mawili: mizizi hukatwa kwa kiasi, na machipukizi hupunguzwa mara kwa mara. Wala mti haukondeshwi kwa njaa. Hupewa maji, jua na mbolea; mti mnyonge hauwezi kustahimili kisu.

2. Kuchagua mche

Mkwaju wafaa sana, kwa kuwa vijani vyake ni vidogo tangu asili. Mgunga nao wafaa kwa sababu iyo hiyo, na huko Afrika ya Kusini wako walezi wa miti midogo wanaoiga umbo lake la nyikani, kichwa kipana kilicho bapa kama mwavuli. Mkuyu una majani mapana, lakini ni mvumilivu kuliko yote, na shina lake hunenepa upesi. Mpapai haufai, maana shina lake si la mti mgumu.

Usingʼoe katika msitu uliohifadhiwa. Katika wilaya ya Babati, watu wa vijiji vinane vya Duru-Haitemba walianza kuulinda msitu wao wenyewe kwa sheria ndogo za vijiji katika miaka ya 1994 na 1995, nao ni msitu wa hekta 9,000 hivi. Maotea ya huko ndiyo msitu wa kesho. Wewe twaa mche wa ukutani, wa mferejini, au wa njiani utakaokanyagwa. Na ukiwa katika shamba la mtu, mwombe mwenyewe kwanza.

3. Kuhamisha

Ngojea mwanzo wa mvua. Umwagilie mche maji jioni, na asubuhi yake uchimbe kwa kuuzunguka, usiuvute kwa shina. Mgunga uchimbwe ungali mdogo, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka chini sana. Funika mizizi kwa gunia bichi, usiiache juani hata kidogo.

Kata mzizi mkuu kwa kisu kikali, ukiacha vile vijizizi vyembamba vya kando, maana hivyo ndivyo vinywavyo maji. Punguza na majani, yapata nusu, ili mizizi michache isilemewe. Mkuyu utatoa utomvu mweupe. Usiogope, utakauka wenyewe.

Udongo uwe wa kupitisha maji: mchanga wa mto wenye chembe nene, vijiwe vidogo, na mboji iliyooza vema. Udongo wa mfinyanzi peke yake hushika maji, na mizizi huoza. Chombo kiwe na tundu chini, na juu ya tundu uweke kigae. Kisha weka mche kivulini majuma matatu au manne, ndipo uuzoeshe jua kidogo kidogo.

4. Pasipo haraka

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wakiisha kupata mche mwembamba kama kalamu, huutia mara moja katika chungu kidogo kizuri. Na baada ya miaka mitano shina lingali kama kalamu. Yafaa kwanza ukae katika debe au kitaluni miaka miwili, mitatu, ukue kwa nguvu hata shina linenepe. Ndipo ukate kilele, ungoje machipukizi, na kuuhamia ule mchungu wa kudumu.

Tawi likitakiwa kuinama, lifunge kwa uzi na jiwe dogo, au lizungushie waya laini wa shaba. Lakini litazame kila juma, na waya uondolewe kabla haujazama katika gome, maana kovu lake hukaa miaka mingi. Kila mwaka wa pili, mvua zikianza, toa mti chunguni, punguza mizizi yapata theluthi moja, na ubadili udongo.

5. Deni la mlezi

Mti wa shambani hujitafutia maji kwa mizizi yake. Wa chunguni hauwezi, umemtegemea aliyeuchukua. Tangu Juni hata Oktoba, mvua zikiwa hakuna, tia kidole katika udongo kila siku, na ukikuta pakavu umwagilie maji. Siku za upepo na jua kali huenda ukamwagilia mara mbili. Ukisafiri, mwachie jirani kazi hiyo kwa jina lake, usiseme tu, “Wataangalia.” Tena usiufungie nyumbani, nje ndipo pake.

Uko msonobari mmoja ulioanza kulelewa chunguni huko Japani mwaka 1625. Jamaa ya Yamaki waliulea kizazi baada ya kizazi mjini Hiroshima, nao ukapona siku ya bomu la mwaka 1945. Mwaka 1976 waliutoa zawadi kwa Marekani, na leo uko Washington. Katika miaka hiyo yote haukuwa na maji ila yale ya mvua na yale aliyopewa na mkono wa mtu. Basi, kabla hujangʼoa mche, jiulize kama utakuwa nao katika kiangazi cha kwanza.

Maulizo

1. Kwa nini mti wa chunguni huwa mdogo?
2. Ni maotea gani yafaayo kutwaliwa, na yapi yaachwe?
3. Kwa nini mche ukae kwanza katika debe au kitaluni?
4. Katika nyumba yako, ni nani atakayemwagilia wewe usipokuwapo?