Namba Safi, Mto Mchafu: Namna ya Kusoma Ripoti ya Majitaka ya Kiwanda

Kila likizo ndefu wenzetu wa uhandisi, kemia na sayansi ya mazingira hutawanyika kwenda fildi viwandani. Wengi hurudi na picha za kofia ngumu na ripoti yenye jedwali moja ambalo karibu wote tunalo: pH, BOD, COD, halijoto, na mbele ya kila kipimo neno "inakidhi". Mwaka jana na mimi nilijaza jedwali hilo. Sampuli nilichota mwenyewe, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, kwenye bomba nililoonyeshwa. Majibu ya maabara yalikuja mazuri kabisa. Wiki hiyohiyo nilichelewa kutoka, nikapita nyuma ya uzio jioni, nikakuta mfereji uleule una maji ya bluu. Nikamuuliza fundi wa zamu. Akacheka: "Mdogo wangu, matangi ya rangi huwa tunaosha usiku."

Angalia hapo: hakuna aliyedanganya. Sampuli ilikuwa ya kweli, maabara ilikuwa ya kweli, na namba niliyoandika ilikuwa sahihi. Ila mto haukupata maji ya Jumanne saa nne peke yake.

Tuanze na sheria kwa kifupi. Hapa Tanzania kiwanda kinachotiririsha majitaka mtoni au ziwani kinatakiwa kuwa na kibali, na kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. NEMC nayo ina mamlaka yake ya ukaguzi kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Viwango vya majitaka vinasema BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD isizidi 60, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Majirani zetu Kenya, kwa kanuni zao za 2006, wana BOD hiyohiyo ya 30, ila COD wameibana hadi 50.

Kwa wasiotoka kitivo chetu: BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu ulio kwenye maji, kinapimwa kwa siku 5 katika nyuzi 20. Uchafu ukiwa mwingi, vijidudu vinakula oksijeni yote, samaki wanakosa hewa. COD ni oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu huo kwa kemikali, kwa hiyo inakamata hata vile ambavyo vijidudu haviwezi kuvila, kama rangi nyingi za nguo. COD ikiwa mara nyingi zaidi ya BOD, ujue kuna kitu humo ambacho bwawa la kawaida la majitaka haliwezi kukiozesha. Uwiano huo ni wa kuutazama kabla hujaandika "inakidhi".

Sasa njoo kwenye mtego mkubwa, nao ni hesabu ya darasa la sita. "Miligramu kwa lita" inakueleza ukali wa maji, haikuelezi wingi wa uchafu. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 100 za majitaka kwa siku, BOD ikiwa 300. Hiyo ni kilo 30 za mahitaji ya oksijeni kila siku, na ni mara kumi ya kiwango. Meneja mjanja akifungua kisima, akaongeza mita za ujazo 900 za maji safi, BOD inashuka hadi 30. Ripoti inakidhi! Lakini mto umepokea kilo zilezile 30, na juu yake kisima kimenyonywa bure. Ndiyo maana ripoti isiyo na kipimo cha mtiririko, kwangu mimi, ni nusu ripoti. Ukifika kiwandani uliza mita iko wapi. Ukiambiwa "tunakadiria tu", andika hivyohivyo kwenye ripoti yako: walikadiria.

Mtego wa pili ni ule wa Jumanne saa nne. Sampuli ya kuchota mara moja inaonyesha dakika ile tu. Kwa kiwanda ambacho kazi yake hubadilika kwa zamu (nguo, ngozi, bia, maziwa) inayofaa ni sampuli mchanganyiko: unachota kidogo kidogo kwa saa 24, kwa kufuata mtiririko, unachanganya, ndipo unapima. Kuna mashine za kufanya hivyo, na zisipokuwepo kuna chupa, saa ya mkononi na mwanafunzi wa fildi asiyelala. Tahadhari moja: pH na halijoto haziwezi kusubiri mchanganyiko, hizo zipime palepale.

Hata hivyo tuseme kiwanda chetu kimefanya yote hayo. Mita ipo, sampuli ni za saa 24, kilo zimehesabiwa. Je, mto uko salama? Hapa ndipo somo letu darasani huwa linaishia, na mimi naona linaishia mapema mno. Vipimo vyote hivyo vinalinda bomba moja, lile lililoandikwa kwenye kibali. Mafuta ya jenereta, pipa la tindikali na tangi la dizeli havijui kama kuna kibali. Vikimwagika, vinafuata mteremko.

Kisa ambacho wahandisi wengi wa matangi hufundishwa kilitokea Floreffe, jimbo la Pennsylvania, Marekani, tarehe 2 Januari 1988. Tangi la dizeli la kampuni ya Ashland lilipasuka. Lilikuwa tangi kuukuu, limefumuliwa jimbo la Ohio na kuunganishwa upya hapo, na siku hiyo ndiyo lilikuwa linajazwa hadi juu kwa mara ya kwanza tangu lihamishwe. Kabla ya hapo jaribio la maji lilifanywa kwa kina cha futi 5 tu, wakati tangi lenyewe lina kimo cha futi 48. Kwenye bamba moja la chuma, karibu na mshono wa kuchomelea, kulikuwa na kasoro ndogo ya tangu zamani. Baridi ikakifanya chuma kiwe kama kioo. Ufa ukapanda kutoka chini hadi juu, na karibu galoni milioni 4 zikatoka kwa mkupuo.

Tuta la kuzuia mmwagiko lilikuwepo. Lakini dizeli ilikuja kama wimbi, ikaruka juu ya tuta, ikaingia kiwanja cha jirani, ikakuta mdomo wa mfereji wa maji ya mvua uko wazi, ikashuka mto Monongahela. Galoni kama 750,000, yaani lita zaidi ya milioni 2.8, ziliingia mtoni, na maji ya kunywa ya watu wapatao milioni moja katika majimbo matatu yakaguswa.

Marekani wakati huo walikuwa na kanuni ya kuzuia mmwagiko wa mafuta tangu 1973. Kituo chenye hifadhi ya mafuta juu ya ardhi inayozidi galoni 1,320, sawa na lita 5,000 hivi, ambacho mafuta yake yanaweza kufika mtoni au baharini, kinatakiwa kuwa na mpango wa maandishi, na kwa kawaida mpango huo husainiwa na mhandisi mwenye leseni. Tuta lazima liweze kubeba tangi kubwa kuliko yote, pamoja na nafasi ya mvua. Baada ya Ashland kanuni hiyo ilipitiwa upya, na marekebisho ya 2002 yakataka tangi lililojengwa uwanjani likifanyiwa ukarabati au mabadiliko makubwa lichunguzwe kama chuma chake kinaweza kupasuka kwa namna ile.

Kifungu cha "nafasi ya mvua" wengi hukisoma harakaharaka, na kwa nchi yenye masika nadhani ndicho cha kukikalia. Fanya hesabu. Tangi ni la lita 50,000. Tuta lina urefu wa mita 20, upana mita 15, kimo sentimita 20. Ujazo wake ni lita 60,000, kwa hiyo mkaguzi anapiga tiki. Kisha inanyesha milimita 100, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulishangaa. Lita 30,000 za mvua ziko ndani ya tuta. Tangi likipasuka usiku huo, lita 20,000 za dizeli hazina pa kukaa, na kwa kuwa dizeli huelea, zitakazovuka tuta kwanza ni zenyewe.

Dawa yake ni valvu ya kutolea maji ya mvua. Lakini valvu hiyohiyo ikisahauliwa wazi, tuta linageuka pambo. Ndiyo maana kanuni ya Marekani inataka ikae imefungwa, maji yakaguliwe kwanza kama yana utando wa mafuta, mtu asimamie wakati yanatoka, valvu ifungwe tena, na tukio zima liandikwe kwenye daftari. Ni kazi ya mlinzi na fundi zaidi kuliko ya maabara, na haina safu yoyote kwenye lile jedwali letu.

Siku yangu ya mwisho fildi niliomba kuonyeshwa valvu ya tuta la dizeli. Tulizunguka na fundi karibu robo saa. Tuliikuta nyuma ya majani, iko wazi, na mpini wake umeshika kutu kiasi kwamba wawili tuliusukuma haukusogea. Fundi akaniambia ilifunguliwa masika, maji yalipojaa, na tangu hapo hakuna aliyeulizwa. Nikarudi ofisini kutafuta pa kuiandika, nikaishia kuongeza mstari kwa kalamu chini ya jedwali.