SOMO LA AFYA: MSHIPA WA KICHWANI, FANELI AU KIFUKO?

Tuseme mwenzetu amepigwa picha ya ubongo katika hospitali kubwa. Anaambiwa, "Kuna mahali mshipa umepanuka." Anarudi nyumbani, usiku halali, shamba ameliacha. Je, ni lazima aogope hivyo? Tuangalie pamoja.

Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imeungana chini yake, mfano wa duara. Daktari Mwingereza, Thomas Willis, alilieleza duara hilo mwaka 1664. Lakini watu hatukuumbwa sawa. Mmoja ana mshipa mwembamba upande wa kulia, mwingine kipande cha duara hana kabisa. Wengi wetu tuko hivyo, tunalima na kuzeeka bila kujua. Hayo ni maumbile, si ugonjwa.

Ugonjwa ni huu. Mpira wa ndani wa baiskeli ukidhoofika mahali pamoja, hapo hutuna. Mshipa nao huweza kutuna, ukawa na kifuko. Kikipasuka, damu humwagika kichwani, na mtu huweza kufa. Katika watu wazima 100, kama 3 hivi wana kifuko, lakini vingi havipasuki kamwe.

Daktari hutofautishaje? Hutazama mambo mawili:

1. Umbo. Mshipa mdogo unapoanzia kwenye mshipa mkubwa, pengine mwanzo wake ni mpana kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Mshipa mdogo hutokea kwenye ncha ya faneli. Hayo ni maumbile. Kifuko hakina mshipa kwenye ncha yake.

2. Ukubwa. Kwa kawaida faneli haizidi milimita 3.

Picha moja isipoonyesha vizuri, daktari huagiza nyingine. Basi ukiambiwa urudi, rudi. Usimwulize jirani. Mwulize daktari, "Ni maumbile au ni kifuko?"

Lakini tusifanye mchezo na dalili hizi: kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote, shingo kukaza, kutapika, kuzimia, au kope moja kuanguka ghafla. Hapo tusingoje kuche. Tumpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

Tena tupime shinikizo la damu na tuache sigara. Hayo mawili hudhoofisha mishipa.

Maswali ya kujadili:
1. Faneli na kifuko vinatofautianaje?
2. Usiku mtu akiumwa kichwa ghafla, kijijini kwetu tutamfikishaje hospitali?